Boksi moja la waini, umri tofauti: kisa cha bamdogo, Kigoma

Mwezi wa tisa mwaka 2025 bamdogo alinipigia simu niende kwake Mwanga, hii ya Kigoma mjini, nikajua ni mambo ya harusi ya binti yake tu, kamati au michango, kumbe kafika kabatini akateremsha chupa ya waini nyekundu imejaa vumbi akaniuliza "mwanangu, hii bado ipo au imeshakufa?" Alikuwa anataka kuiweka meza ya wazazi siku ya harusi mwezi wa kumi. Nilimshukuru kwa kuuliza, maana wengi hawaulizi, wanafungua mbele ya wakwe ndo wanajua hapo hapo.

Mi si mtaalamu wa kusomea, nilikaa miaka sita baa ya hoteli moja Dar na bosi wangu kule alikuwa mgonjwa wa waini, kila chupa ikifunguliwa lazima nionje niseme nimesikia nini, nikikosea ananicheka. Kwa hiyo kidogo naelewa, na kisa hiki nimeona nikiandike chote kwa sababu ni nadra sana kupata jaribio safi namna hii bila mtu kulipanga.

Historia iko hivi. Bamdogo alistaafu 2018, wenzake kazini wakamchangia zawadi, ndani yake kulikuwa na boksi la chupa sita, waini ya Stellenbosch, Afrika Kusini, mavuno ya 2015, ambao kule ni mwaka unaosifiwa sana. Lebo ya nyuma imeandikwa mchanganyiko wa aina tatu za zabibu: Cabernet Sauvignon asilimia 58, Merlot 27, Cabernet Franc 15, kilevi asilimia 14, imekaa kwenye mapipa ya mwaloni miezi 16 (mwaloni mti jamani, sio mwaloni wa Kibirizi, kule ziwani wanakoshusha dagaa), na chini wakaandika inaweza kutunzwa hadi 2030. Hiyo 2030 ndo ilimpa bamdogo moyo. Miaka mitano bado, anasema, ina wasiwasi gani?

Sasa kumbe zile chupa sita hazikukaa pamoja. Mbili zilibaki kwake, juu ya kabati la sebuleni, zimesimama kama mapambo, nyumba ya bati na siling bodi. Mbili alimpelekea shangazi Kasulu, shangazi hanywi hata bia, akazilaza stoo juu ya magunia ya maharage na boksi lenyewe akalichukua akawekea vifaranga. Mbili akampa shemeji yangu mwenye glosari, shemeji akazitupa chini kabisa kwenye friji la vinywaji akasema hizi za kwangu siuzi, na kweli hakuuza. Kwa hiyo una waini ile ile, siku ile ile ya kuziba, imekaa miaka saba sehemu tatu tofauti. Nikamwambia bamdogo tusibahatishe, tuite moja kutoka kila sehemu tuzifungue, zikibaki tatu tutajua tunafanyaje. Alisita kidogo, chupa tatu ni chupa tatu, ila akakubali.

Kabla sijafika kwenye kuonja niseme nilichoanza nacho, kupima joto. Nina kipimajoto cha banda la vifaranga, cha ukutani kile, nikakiweka juu ya kabati la bamdogo siku mbili. Saa nane mchana kinasoma 34, alfajiri 25. Kila siku inapanda na kushuka digrii tisa! Kasulu nilimtumia shangazi kipimajoto na basi, akanisomea kwa simu mara nne kwa siku, "20, 21, 21, 20, we mtoto nina kazi", maana Kasulu kuko juu na ile stoo ni ya tofali nene, haina dirisha. Friji la shemeji linacheza 5 mpaka 8 kulingana na wateja wanavyofungua mlango, na zamani enzi za umeme wa jenereta kabla gridi haijafika lilikuwa linalala kabisa usiku mwingine. Wanaotunza waini kitaalamu wanataka digrii 12 mpaka 14 na isiyumbeyumbe. Kwa hiyo hakuna hata sehemu moja hapo iliyokuwa sahihi, tuelewane, tunalinganisha makosa matatu.

Chupa ya kabatini ilijitangaza kabla ya kufunguliwa. Ile karatasi ya juu inayofunika mdomo ilikuwa imetuna, nikaikata, kizibo kimechomoza kama milimita mbili juu ya mdomo wa chupa, na pembeni yake kuna michirizi ya waini iliyokauka mpaka juu. Hii maana yake ni moja tu: mchana waini inapata joto, inatanuka, inasukuma kizibo na kuvuja kidogo, usiku inapoa inasinyaa inavuta hewa kuingia. Fanya hivyo kila siku miaka saba. Kizibuo kilivyoingia kizibo kikavunjika nusu, sehemu ya juu ikawa unga kwa sababu chupa ilisimama muda wote. Ya Kasulu iliyolazwa kizibo kilitoka kizima, chini kimekolea zambarau, na kimelowa kidogo tu. Ya friji kizibo kigumu, safi, ila lebo ilishabanduka kwa unyevu.

Hapa sasa nikafanya kosa langu, na nalisema kwa sababu ndo kosa la wengi. Nilizimimina zote tatu vile vile, ya friji nikaiacha kwanza mezani masaa mengi ili "ifikie joto la chumba" kama tulivyofundishwa, waini nyekundu inanywewa joto la chumba. Chumba cha nani? Hiyo kauli imetoka Ulaya kwenye nyumba za mawe zenye baridi, joto la chumba kwao lilikuwa 16, 17, 18 hivi. Sebule ya bamdogo saa kumi jioni ilikuwa 29. Nikanusa, zote tatu zinanukia spiriti, kilevi kinaruka puani mpaka macho, kwenye ulimi nzito, uchachu umepotea. Nikaandika kwenye daftari "zote zimekwisha". Bamdogo akanyong'onyea. Kama ningeishia hapo kisa kingekuwa kimekufa na hukumu ya uongo. Bahati binti yake, bibi harusi mwenyewe, akauliza mbona ya moto hivi, tukachukua ndoo, maji na barafu kutoka kwa jirani anayeuza juisi, tukazitumbukiza zote dakika ishirini hivi. Zikashuka kama 17. Tukarudia kwenye glasi safi na nilifuta lile neno kwenye daftari.

Rangi kwanza. Unainamisha glasi juu ya karatasi nyeupe unaangalia ukingo, pale waini inapokuwa nyembamba. Ya friji ukingo bado wa zambarau kabisa, zambarau lenyewe lile tunda, kama ulimi wa mtoto aliyetoka kupanda mti. Ya Kasulu katikati nyekundu iliyoiva, ukingoni imeanza kuwa rangi ya tofali la kuchoma. Ya kabati kahawia tupu, kama chai ya rangi iliyokaa kwenye chupa toka asubuhi. Ukiangalia tu unajua nani mkubwa nani mdogo, wakati ni mapacha.

Ya kabati harufu yake ni zabibu kavu, jamu iliyoungua kidogo chini ya sufuria, halafu nyuma kuna karanga na kidogo siki. Hakuna tunda bichi hata moja. Mdomoni inaanza na ule utamu wa puani alafu inakatika ghafla inabaki uchachu mkavu na ukakasi wa vumbi. Imepikwa. Mi ndo neno natumia, haijazeeka, imepikwa, na hiyo tofauti ndo moyo wa kisa chote hiki.

Ya friji ni kinyume, imefunga. Unanusa, unapata hoho mbichi, kidogo zambarau, na pipa, basi. Ukakasi wake ulikuwa wa kukaza fizi, kama umekula bibo ambalo halijaiva, ulimi unakwama. Miaka kumi toka zivunwe zabibu na bado inajifanya ya juzi. Wala si mbovu, ila unaona kabisa ilikuwa imelazwa usingizi, baridi ya digrii sita inapunguza spidi ya kila kitu, kibaya na kizuri. Ilivyokaa kwenye jagi saa moja na nusu ikalegea, hoho ikapungua, tunda likatoka.

Ya Kasulu... aisee. Harufu ya kwanza ilikuwa tumbaku ya majani, ile iliyokauka bandani kule Urambo, sio moshi wa sigara. Baadaye zambarau zilizokauka juani, kidogo udongo baada ya mvua ya kwanza, kidogo vumbi la penseli ukichonga. Mdomoni laini, ukakasi upo ila kama kitambaa cha kitenge kilichofuliwa mara nyingi, haukwaruzi, na uchachu unaibeba mpaka mwisho. Nilimeza nikahesabu kimoyomoyo, mpaka kumi na tano bado ladha ipo. Chini ya chupa mashapo kama kijiko cha chai, meusi. Bamdogo alitaka kuimwaga akijua ni uchafu, nikamzuia, yale mashapo ndo ushahidi wenyewe.

Kwa nini? Hapa lazima tuongee mchanganyiko. Hizi zabibu tatu ni ndugu kweli, sio maneno ya lebo. Mwaka 1997 watafiti wa chuo kikuu cha California pale Davis walitoa vipimo vya DNA vinavyoonyesha Cabernet Sauvignon ni mtoto wa Cabernet Franc na Sauvignon Blanc, na Merlot nayo baadaye ikathibitika mzazi wake mmoja ni Cabernet Franc. Yaani kwenye chupa ya bamdogo kuna mzazi mmoja na watoto wake wawili wa mama tofauti, ukoo kamili, na harusi ni ya ukoo, bamdogo alipenda sana hiyo. Kiasili mtindo huu ni wa Bordeaux, Ufaransa, ambako wanaweza kuongeza pia Petit Verdot na Malbec, na walikuwa wanachanganya kwa akili ya mkulima tu: Merlot inaiva mapema, Cabernet Sauvignon inachelewa, mvua ikiharibu moja nyingine inakuokoa. Ladha ilikuja kuwa faida ya juu.

Cabernet Sauvignon ina punje ndogo, ngozi nene, mbegu nyingi ukilinganisha na maji yake, kwa hiyo inaleta tanini, ule ukakasi, na rangi. Huo ndo mgongo wa waini. Merlot inaleta nyama, ulaini, tunda la kukufurahisha leo. Cabernet Franc kazi yake harufu, majani, penseli, na hoho ikiwa haijaiva vizuri. Sasa ukizeesha taratibu, tanini zinashikana zenyewe kwa zenyewe na kushikana na rangi, zinakuwa kubwa mpaka zinashindwa kuelea zinatua chini, ndo mashapo yale na ndo maana ukakasi unalainika na rangi inapungua. Tunda bichi la Merlot linaenda la kwanza, linageuka tunda kavu. Uchachu hauendi popote, unabaki karibu vile vile, kwa hiyo kama waini haikuwa na uchachu toka mwanzo itazeeka ikilala chali. Hii ya bamdogo ilikuwa nao, na ilikuwa na asilimia 58 ya mgongo. Ndo maana Kasulu ilidumu. Hoho niliyoisikia kwenye ya friji naamini ndo ile ile iliyogeuka kuwa majani ya tumbaku kwenye ya Kasulu, siwezi kuapa, ila pua yangu inasema hivyo.

Ila mgongo huo huo ulikuwepo kabatini na haukusaidia kitu. Joto. Makemisti wana kanuni ya kukadiria kwamba joto likipanda digrii kumi, mambo ya kikemia yanaenda kama mara mbili ya spidi. Sio sheria ya Musa, kila badiliko ndani ya chupa lina spidi yake, ila tukokotoe kienyeji tukichukua 13 kama ndo chumba sahihi. Kasulu 20 na kitu, miaka saba inakuwa kama kumi na miwili. Friji, pamoja na umeme kukatika, miaka saba inakuwa kama mitano hivi. Kabati wastani usiku na mchana 29, miaka saba inakuwa zaidi ya ishirini, na hapo sijahesabu pumzi ya kila siku ya kizibo. Ile 2030 ya kwenye lebo mtengenezaji aliiandika akiwa na chumba chake kichwani, hakuwa na habari na bati la Mwanga saa nane mchana. Na kukimbiza huko hakukupi uzee ule ule kwa haraka, ni kama kuivisha ndizi kwa moto badala ya kuifunika, ganda litakuwa jeusi kweli ila hujaivisha.

Sasa kituko. Tukapitisha glasi kwa watu wanane waliokuwepo bila kusema ipi ni ipi, glasi mbili za waini na zingine za chai. Mi, shemeji na bibi harusi tukachagua ya Kasulu. Wawili wakachagua ya friji wakasema ina nguvu. Bamdogo, mke wake na mzee jirani wakachagua ya kabati! "Hii ndo tamu, hizo zingine zinakwaruza." Nilitaka kubisha nikajizuia. Sukari zote tatu ni sawa, karibu hakuna, ila harufu ya jamu na zabibu kavu inadanganya pua na pua inadanganya ulimi. Na mtu aliyezoea waini tamu, ambayo ndo inauzika sana glosari zetu, atasikia ile ndo karibu na anachokijua. Siwezi kumwambia mtu alichopenda hakupenda. Naweza kumwambia tu kwamba ikifunguliwa leo kesho itakuwa siki, na kweli, nusu iliyobaki kesho yake asubuhi ilikuwa ya kukaangia nyama, wakati ya Kasulu jioni ya pili ilikuwa bado inanyweka.

Shemeji akaniuliza na zile za Dodoma je, anazo katoni mbili, aziweke friji miaka kumi? Nikamwambia uza bana. Dodoma mizabibu haina baridi ya kuilaza, wanaikata matawi na kuvuna mara mbili kwa mwaka, na nyingi tunazoziona madukani zinatengenezwa zinywewe mapema zikiwa na tunda lake, na wala hiyo sio aibu, waini nyingi duniani ziko hivyo, Ufaransa nako zimejaa. Yenye mgongo wa kungoja miaka kumi ni chache na mara nyingi ina bei yake.

Hukumu yangu kwa chupa tatu zilizobaki ilikuwa hivi. Ya kabati isiende harusini, bamdogo ainywe nyumbani wiki hii maana anaipenda, na aliinywa siku mbili tu baadaye na kitimoto. Ya pili ya Kasulu ndo iende meza ya wazazi, isafiri asubuhi na mapema isipigwe jua kwenye basi, ikifika isimamishwe siku nzima ili mashapo yatue, ipoozwe kwenye barafu kidogo kabla ya kumiminwa. Ya pili ya friji isifunguliwe, bado ina miaka, ila itoke kwenye friji iende Kasulu ikalale.

Shangazi alikubali kuipokea kwa sharti nimnunulie boksi lingine la vifaranga. Jana kanipigia, kaishailaza juu ya gunia, anauliza wale wadudu wa maharage hawawezi kutoboa kizibo? Nikamwambia hapana shangazi, ila ile dawa unayoweka kwenye maharage, hiyo isogeze kona nyingine kabisa, isikae karibu na chupa.